Bustani, Bosi na Mawingu

Mke wa kaka yangu alianza kupiga picha akiwa tayari ana mvi, na picha yake ya kwanza ilikuwa ya kidole gumba chake mwenyewe. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa nusu ya kuku. Tulikuwa tumeketi kwenye kizingiti cha jikoni, mimi namenya viazi, nikamwambia, "Mama Maxine, hiyo simu imeona kidole cha kutosha, sasa ionyeshe boma." Alicheka mpaka simu ikamponyoka ikaangukia karai la maganda. Bahati nzuri halikuwa na maji.

Jina lake ni Susan Wambeti, ila hapa Kianjokoma anayemwita hivyo ni karani wa kituo cha majani chai peke yake. Alizaliwa upande wa Runyenjes, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na kaka yangu Njiru akiwa msichana mwembamba ambaye mama yetu aliapa hatabeba kikapu cha chai hata nusu mwaka. Amekibeba mpaka leo, na mama tulishamzika. Ni mama wa kanisa, anaimba sauti ya pili, chapati zake ni ngumu, na hana neno na mtu. Mimi nina maneno na watu wengi, ndiyo maana tulielewana.

Simu aliletewa na binti yake, Maxine, mtoto wao wa pekee, wiki ile Maxine aliposafiri kwenda Uingereza kutunza wazee. Mji alikofikia una jina ambalo Susan alijaribu kulitamka mara kadhaa akaliacha. Maxine alipata chumba juu ya duka moja, na dirisha lake lilitazama ukuta. Basi Susan, kama wamama wote waliopewa simu, akaanza kumtumia mahubiri na yale maua yanayometameta yenye maneno ya asubuhi njema. Siku moja Maxine akampigia.

"Mum, please, hizo vitu za maombi wacha. Nitumie nyumbani."

"Nyumbani namna gani?"

"Kama iko. Shamba imefika wapi. Bosi anafanya nini. Kama kumenyesha ama kuna jua. Hapa hata sioni mchanga, Mum."

Bosi ni mbwa wao, wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye sikio moja lililosimama na moja lililolala. Kazi yake ni kubwekea watu wa kanisa na kuwanyamazia wezi.

Kuanzia siku hiyo Susan alikuwa na kazi mpya. Kila asubuhi, akishakamua ng'ombe, anapangusa kioo cha simu kwa pindo la leso na kutoka nje. Picha tatu: moja ya bustani, moja ya Bosi, moja ya anga. Alizipiga kwa mpangilio huohuo kila siku, kama anayeswaga ng'ombe mtoni. Bustani ilikuwa ile ya jikoni, nyuma ya nyumba, yenye sukuma, malenge na mstari wa majani mapana ya nduma kando ya mfereji. Kwa picha ya Bosi alipiga magoti kwenye tope, maana alikuwa amegundua mwenyewe kwamba ukimpiga mbwa picha ukiwa umesimama unapata mgongo tu. Na anga aliipiga akitazama upande wa mlima. Siku nyingi mlima haupo, ni ukungu mtupu, naye anautuma huohuo ukungu na kuandika chini, "Umelala bado."

Alikuja kuwa hodari. Sisemi hivyo kwa sababu ni wifi yangu. Kuna picha ya ua la malenge lenye nyuki ndani yake, nyuki amejaa unga wa njano mpaka miguuni. Kuna ile ya Bosi amelala juani mwezi wa Julai, baridi kali, na kuku watatu wamemwegemea tumboni. Maxine aliiweka hiyo iwe uso wa simu yake, na wazee aliowatunza walikuwa wakimuuliza habari za Bosi na wale kuku.

Kaka yangu Njiru hakuwemo katika hizo picha. Alikuwa mtu wa kimya, mrefu, na alichukia kupigwa picha kuliko alivyochukia pombe ya magendo. Akiona simu imeinuliwa anageuza kisogo. Utaona gambuti lake kwenye pembe ya picha, au kiwiko, au kofia inatoka. Maxine alizoea. Kila asubuhi alijibu picha zile tatu kwa neno fulani la kuchekesha kuhusu Bosi, na mwisho aliandika, "Msalimie Baba." Susan naye anainua kichwa na kupiga kelele mpaka chini kwenye chai, "Baba Maxine, unasalimiwa!" Njiru anainua mkono bila kugeuka. Hivyo ndivyo baba na mwana walivyokuwa wakizungumza, na usidhani ni kidogo.

Mwaka huu mvua ya Machi ilichelewa. Watu walikuwa wametayarisha mashamba, mitaro imechimbwa, mbegu ziko kwenye debe, na kila mtu anatazama juu. Jumatatu moja mchana, Njiru akiwa kwenye foleni ya kupima majani chai, alishika nguzo ya kituo akaketi chini polepole. Waliokuwa nyuma yake walidhani anapumzika. Ilikuwa presha. Walimpakia kwenye gari kumpeleka hospitali ya Embu, na kabla jua halijatua kaka yangu hakuwepo tena. Sikumuaga. Nilimkuta amefunikwa shuka, miguu imetokeza kwa ule urefu wake, na nikawakemea manesi wa watu kwamba shuka ni fupi. Waliniacha niseme. Nawashukuru kwa hilo.

Jioni hiyo, tukirudi, mvua ikaanza.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Upande wetu huu wa mlima, mtu akifa, jembe linawekwa chini. Katika boma lake na kwa majirani wote hakuna anayelima wala kupanda mpaka maiti izikwe. Ardhi inayongoja kumpokea mtu haifunguliwi kwa ajili ya maharagwe. Wachungaji wametuambia mara nyingi kwamba hilo halimo katika Biblia, na ni kweli halimo, lakini sijamwona mchungaji akilima siku hizo. Chai inachumwa, ng'ombe anakatiwa nyasi, lakini jembe, hapana. Ikiangukia wakati wa mvua ni hasara, na watu wanaikubali hasara hiyo bila kunung'unika. Jirani yetu Njura, ambaye hugombana na ulimwengu mzima kuhusu mpaka, alikuja Jumanne asubuhi na viti vyake vyote, akasema tu, "Langu nimeliweka chini, Mama Maxine."

Na kuna jambo la pili. Mtoto aliye mbali haambiwi kifo kwa simu akiwa peke yake. Anatafutiwa mtu. Mtu anaenda, anaketi, anamwambia uso kwa uso, anamshika. Mtoto mmoja wa hapa juu aliambiwa kwa simu akiwa kazini ng'ambo, katikati ya wageni, akatoka nje hivyohivyo bila koti kwenye theluji. Walimpata jioni kwenye benchi. Alirudi nyumbani mwaka uliofuata na mpaka leo hajawa yule tuliyemjua. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie desturi hii ni ya ujinga. Nilisimama katikati ya ile familia nikasema: Maxine hataambiwa kwa simu. Susan aliitikia kwa kichwa. Alikuwa hajalia bado.

Mwanangu Gedion, anayefanya kazi ofisini Meru mjini, ndiye aliyetafuta mtu. Mfanyakazi mwenzake alikuwa na kaka Uingereza, nesi, anaitwa Kailemia, mwenyeji wa mji wa Maua, ana mke na watoto. Tulimpigia. Mtu wa watu kabisa. Alisema, "Mimi sina siku ya ofu mpaka Saturday, na ni mbali kwa train. Lakini Saturday asubuhi nitakuwa kwake, mimi na bibi yangu. Tutalala huko. Msimwambie." Tukasema Jumamosi ni karibu. Ni nani asiyeweza kungoja mpaka Jumamosi?

Tatizo lilikuwa zile picha.

Zikikosekana asubuhi moja tu, Maxine angepiga simu. Akipiga, angesikia vilio, viti vikiburutwa, wamama wakiimba. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, mjane wa siku moja akapangusa kioo cha simu kwa pindo la leso akatoka nje. Nilimfuata. Hema lilikuwa linasimamishwa mbele ya nyumba, na Bosi amefungwa kwenye kibanda kwa sababu ya wageni. Tulimzungusha nyuma, mimi nikishika kamba. Susan akapiga magoti kwenye tope kama kawaida. Akapiga picha nyingi zikaharibika, akapata moja. Akapiga ua la malenge kwa karibu sana, petali tupu. Akapiga anga akiinua simu juu kabisa, pasionekane hata ncha ya hema.

Maxine akajibu kuhusu mvua kwamba asante Mungu, kisha: "Msalimie Baba."

Susan aliyatazama hayo maneno. Halafu akaandika, "Nimemsalimia."

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Bosi alikuwa ametoroka, tukamkuta amelala chini ya hema katikati ya miguu ya wageni, kichwa juu ya kiatu cha mzee wa kanisa, anakoroma. Wageni wengine walicheka, wakajizuia. Susan akamvuta mpaka nyuma ya choo, na yule mbwa akajitupa kulala tena vilevile, miguu juu. Akampiga picha hivyo. Maxine alituma nyuso za kucheka mstari mzima, na sauti pia. Ilikuwa sauti ya mtu anayecheka akishindwa kuongea. Susan aliisikiliza mara moja, akanipa simu, akaingia chumbani akafunga mlango. Nikamsikia sasa analia. Watu wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulikuwa tumeficha kilio chenyewe, na nilianza kuogopa.

Ijumaa asubuhi Maxine aliandika mapema. "Mum, naona imenyesha week yote. Nionyeshe shamba ya chini. Maharagwe imetoka?"

Tukatazamana. Bustani ya jikoni ilikuwa imejaa wageni, wengine wanachuna sukuma ya kupika. Kulikuwa na sufuria kila upande na moshi. Susan akasema, "Heri huko chini. Huko hakuna mtu." Nami nikasema ndiyo, hasa, huko hakuna mtu. Tukashuka wote wawili. Shamba la chini liko mteremkoni, linapakana na la Njura, na ng'ambo ya kijito unaona mashamba ya majirani wengine yakikwea mpaka kwenye msitu. Asubuhi ilikuwa safi. Mvua ilikuwa imekatika, udongo mwekundu unang'aa, ukungu unainuka kutoka kijitoni. Susan alisimama mahali pazuri, akangoja wingu lipite, akapiga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopiga wiki ile, na ilitulia, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Hapakuwa na hema, wala kiti, wala mtu hata mmoja.

Simu yake ililia kabla hatujafika nyumbani. Susan aliitazama kama nyoka, akanipa nikapokea.

"Aunti? Mbona ni wewe? Mum ako wapi?"

"Ako jikoni," nikasema. Alikuwa hatua mbili mbele yangu.

"Aunti, ni nani?"

Hakuuliza kuna nini. Aliuliza ni nani.

"Nani nini? Wewe msichana, si uko kazini?"

"Imenyesha week mzima na shamba haijapandwa. Mitaro bado iko wazi na hakuna mbegu. Nikadhani labda Mum ni mgonjwa. Lakini ya Njura pia haijaguswa. Na ni Friday, na kuna jua, na hakuna mtu hata mmoja na jembe." Alisema hayo haraka, na kumbe alikuwa amejiandaa kuyasema. "Aunti, si mimi ni mtoto wa huko? Ni nani?"

"Mvua ilikuwa kidogo sana," nikasema.

"Basi nipatie Baba niongee na yeye."

Nilisikia nyuma yake kijiko kikigonga kikombe, na mzungu mzee akiita kwa sauti nyembamba, anataka chai yake. Susan aligeuka akaichukua simu mkononi mwangu. Alinyoosha mgongo.

"Maxine," alisema kwa Kiembu, "baba yako ametuacha. Tangu Jumatatu."

Halafu tukasimama njiani kati ya migomba tukimsikiliza mtoto wetu akilia peke yake jikoni mwa watu. Susan alikuwa akisema tu, "Niko hapa, niko hapa." Yule mzee aliendelea kuita. Baada ya muda simu ikakatika, na tulipompigia Kailemia alisema anaomba ruhusa sasa hivi, lakini treni ni treni. Alifika Jumamosi asubuhi, kama alivyoahidi, akamkuta ameketi sakafuni na koti la kazi. Alikuwa hajalala wala kula. Walimshika, yeye na mkewe. Waliketi naye siku mbili. Mungu awabariki, sina kingine cha kusema juu yao.

Hakuweza kuja kuzika. Karatasi zake za kuishi kule zilikuwa zinangoja kuongezwa muda, na akitoka harudi. Tulimzika Njiru Alhamisi iliyofuata, upande wa juu wa shamba la chini, na Ijumaa jembe likarudi. Kijiji kizima kilikuja kwa Susan na mbegu zao wenyewe, Njura mbele, wakapanda pale mpaka saa sita. Maharagwe yalichelewa lakini yalitoka.

Susan alisubiri yatoke. Nilimwona asubuhi hiyo akipangusa kioo cha simu, na nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Alipiga maharagwe yakiwa bado yamekunja shingo. Akampiga picha Bosi. Akapiga mlima, na siku hiyo mlima ulikuwa umeamka, theluji yote nje. Akatuma. Maxine aliziona na hakujibu. Kesho yake Susan akatuma tena. Na kesho yake.

Jumapili baada ya kanisa Maxine akapiga simu, na Susan akaweka spika ili nami nimsalimie. Aliongea vizuri. Alituuliza habari za ng'ombe, akatuambia Kailemia na mkewe wamemwalika Pasaka.

"Mum, sijakasirika. Najua mlikuwa mnanifikiria. Lakini nataka kukuomba kitu."

"Omba, mama."

"Usinitumie picha tena."

Susan akaivuta simu karibu.

"Hiyo Wednesday ulinitumia Bosi amelala miguu juu. Nilicheka, Mum. Nilionyesha kila mtu kazini. Baba alikuwa mochari na mimi nilikuwa nacheka. Sasa nikifungua picha siioni. Naanza kuangalia nyuma, kwa pembe, nauliza hapa ni nani hayuko. Nipigie tu. Nikisikia wewe naamini."

"Sawa," Susan akasema. "Sawa, mama."

Tangu hapo hajatuma. Wanaongea kila Jumapili na katikati ya wiki, na wanaongea vizuri, sitaki mtu adhani wamekosana. Lakini nikipita kule asubuhi namkuta Susan amemaliza kukamua na amesimama nje, hajui mikono aiweke wapi. Bosi anaenda kukaa mbele yake, sikio moja juu, anangoja apigiwe magoti. Baadaye anaondoka.

Mimi sikubali mambo kirahisi. Wiki iliyopita asubuhi mvua ya mawe ilianguka, kitu ambacho hatujaona miaka, bustani yote ikawa nyeupe, malenge yametobolewa, na Susan akatoka na karai kichwani kuokoa vifaranga huku Bosi akibwekea mawe yenyewe. Nilicheka. Nikachukua simu yake mezani nikawapiga picha, wote, na bustani, na yeye na karai lake. Ilitoka sawa kabisa, hata kidole changu hakimo. Nikamwambia hii lazima Maxine aione, mtoto acheke, nani hatacheka hapa?

Alikuja akiwa ameloa, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Aliipenda, niliona. Kisha akanishika mkono kabla sijabonyeza.

"Wacha, Mama Gedion," akasema. "Ataanza kutuhesabu."

Nikaweka simu chini, nikamsaidia kuwaanika vifaranga kando ya moto.